Prufu si usafi wa dhahabu

Juzi kijana mmoja aliniwekea mezani Krugerrand, sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, ya aunsi 1, toleo la kawaida, imesuguliwa mpaka unajiona sura. Kauziwa kwa bei ya prufu, yaani toleo maalumu la wakusanyaji. "Ona inavyong'aa, kaka. Hii ni safi kuliko zile nyingine." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, kwa hiyo leo nayajibu kwa wote.

Prufu ni namna sarafu ilivyogongwa. Usafi ni jambo jingine kabisa. Krugerrand ya prufu na ya bulioni (lile toleo la kawaida, linalonunuliwa kwa ajili ya dhahabu yake) zote ni karati 22, gramu 33.93, zikiwa na aunsi 1 kamili ya dhahabu. Kilichobaki ni shaba. Sarafu ya Maple Leaf ya Kanada, bulioni tupu, ni karati 24. Anayetafuta usafi atafute karati.

Tofauti iko kwenye kazi. Kisahani cha prufu, yaani dhahabu ambayo bado haina picha, hung'arishwa kabla ya kugongwa. Muhuri, chuma kinachogonga picha, nao hung'arishwa sehemu za uwanda (pale pasipo na picha) na kutiwa ukungu sehemu za picha, kisha sarafu hugongwa zaidi ya mara moja. Ndiyo maana uwanda unakuwa kioo na swala aliyechorwa upande mmoja anakuwa mweupe-mweupe kama kapakwa unga. Sonara anaweza kukupa kioo, lakini ule unga hawezi kuurudisha. Pulishi yake hula picha: kwenye sarafu ya kijana, ndevu za Paul Kruger, yule mzee wa upande wa pili, zilikuwa zimeyeyukiana kama nta, na chini ya lenzi uwanda ulijaa mikwaruzo myembamba iliyoelekea upande mmoja.

Tena geuza ukingo! Watu hawautazami kamwe. Krugerrand ya aunsi 1 ya bulioni ina meno 160, ya prufu 220. Huna haja ya kuyahesabu yote: kwenye sentimita 1 utapata 15 au 16 kwa bulioni, 21 kwa prufu.

Usiibebe kanuni hiyo kwenda kwenye Eagle, sarafu ya dhahabu ya Marekani. Huko watu hutafuta herufi W, alama ya kiwanda cha West Point, wakidhani ni dalili ya prufu, na tangu 2006 herufi hiyo iko pia kwenye toleo la kukusanya ambalo si prufu. W peke yake haitoshi.

Na kuna zinazonishinda. Bulioni iliyogongwa na muhuri mpya kabisa huweza kung'aa kiasi cha kunifanya nisite. Prufu iliyovaliwa miaka mingi kama kidani hupoteza unga wote, ingawa bado ni prufu. Fremu ya kidani ikishakula meno ya ukingo pia, sithubutu kuandika neno "prufu" kwenye karatasi ya mteja.

Ya kijana ilikuwa na ukingo mzima. Tuliweka rula, tukahesabu: 16. Akaomba tuhesabu upande wa pili. Tukahesabu. 16.