Kuogopa sio dalili kwamba Mungu hayumo ndani yako

Kuna hii kitu tunaambiwa sana kwenye maombi, eti ukiwa na Mungu ndani yako huwezi kuogopa, ukiogopa ujue hayumo. Mi nimeibeba hiyo miaka mingi, usiku nashtuka moyo unadunda alafu naogopa mara mbili, kwanza lile jambo lenyewe, pili naona Mungu ashaniacha. Inaumiza jamani.

Ukweli uko kwenye Biblia yenyewe. Fungua 1 Wakorintho 3:16, Paulo anawaambia nyie ni hekalu la Mungu na Roho wake anakaa ndani yenu, huo mstari wote tunaupenda, sasa rudi nyuma sura moja tu, 2:3, mtu huyohuyo anasema alipofika kwao alikuwa dhaifu, ana hofu na anatetemeka sana. Barua ni moja! Na ukisoma Matendo 18 utaona hukohuko Korintho Bwana anamjia usiku anamwambia usiogope, nena, usinyamaze, kwa kuwa mimi ni pamoja nawe. Kwani nani anaambiwa usiogope kama haogopi? Na hakukemewa, alikumbushwa tu yuko na nani, akakaa pale mwaka 1 na miezi 6 anafundisha.

Nyingine tunayoambiwa ni kwamba Mungu akiwepo lazima usisimke mwili, ulie, uanguke. Nabii Eliya pale mlima Horebu ulipita upepo, likaja tetemeko, ukaja moto, Bwana hakuwemo, ndo ikaja sauti ndogo ya utulivu. Na kabla ya hapo, alipomkimbia malkia Yezebeli aliyetaka kumuua, akajilaza chini ya mti wa mretemu akiomba afe, malaika hakumpigia mahubiri, alimpa mkate na maji, akala akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Hapo mi huwa natulia kabisa nikipasoma.

Alafu eti kwenda hospitali ni kukosa imani. Hapana. Kama hofu inakuja kila siku, usingizi hamna, pumzi inabana, nenda kamuone daktari, Mungu aliye ndani yako hakai nje ya geti anakusubiri.

Siku hizi nikishtuka usiku sianzi kuikemea hofu. Nakaa kitandani, navuta pumzi taratibu, nasema "Bwana, upo humu" kwa sauti ya chini nisiamshe watoto, mara nyingine mikono bado inatetemeka na nasema hivohivo mpaka usingizi unirudie.