Gombo la piano halimsubiri mtu

Kila okestra inayoniita kuendesha piano ya magombo huja na kauli ileile: "Kiongozi wetu ni mzoefu, mashine itamfuata." Haitamfuata. Gombo ni karatasi yenye matundu inayovutwa juu ya kipande cha shaba. Tundu likipita, hewa hunyonywa na nyundo hupiga uzi wake. Fimbo ya kiongozi haimo katika hesabu hiyo. Anayefuata ni yeye, na wapiga fidla nyuma yake.

Asili ya dhana hii naijua. Mwaka 1912, katika ukumbi wa Queen's Hall, London, Easthope Martin alipiga konseto ya piano ya mtunzi Grieg kwa Pianola pamoja na London Symphony Orchestra chini ya kiongozi Arthur Nikisch, na mambo yakaenda. Lakini Pianola huendeshwa kwa miguu, na kasi iko mkononi mwa mtu aliyeketi pale. Gombo lilimpa noti tu. Muziki aliufanya mwenyewe. Duo-Art na Welte-Mignon, piano zinazorudia zenyewe upigaji wa mtu aliyerekodiwa kwenye gombo zamani, ni habari nyingine: mle mwendo na nguvu ya sauti vimekwisha kutobolewa.

"Si kuna wenzo wa kasi?" Upo. Ukiuchezea ili kuingojea okestra iliyochelewa, unauvuruga ule mchelewo na ule mwahisho ambao mpigaji aliyerekodiwa aliuweka kwa makusudi. Basi kwa nini mmemwita marehemu? Mwiteni mpiga piano aliye hai, tena ni rahisi kumsafirisha.

Sikilizeni "Rhapsody in Blue" aliyoirekodi kiongozi Michael Tilson Thomas mwaka 1976 kwa gombo la 1925 la mtunzi wake, Gershwin. Gershwin alikuwa ameweka sehemu ya piano na ya okestra kwenye karatasi moja, kwa hiyo matundu ya okestra yalizibwa, ikabaki piano peke yake. Kisha bendi ikalazimika kwenda kwa mwendo wake, nao ni wa mbio. Gershwin alifariki mwaka 1937. Kumwomba apunguze ni kazi bure.

Nashauri hivi, na sitachoka kurudia: kiongozi akae na gombo kabla hajakaa na okestra. Aandike kwenye nota zake kila mahali mpigaji anapovuta pumzi. Okestra inapobaki peke yake kwa muda mrefu, simamisheni karatasi, na mwendeshaji aweke alama ya penseli pembezoni mwa gombo kabla ya noti ya kwanza, kwa sababu tangu mota kuanza hadi sauti kutoka kuna kitambo. Hapo, na hapo tu, kiongozi ndiye anayeiamuru mashine.

Mengine ni mafupi. Eti ukipunguza kasi ya gombo, sauti inashuka kama kanda. La, karatasi haina sauti, sauti ni ya nyuzi. Noti ya A ya piano ikiwa hezi 440 na ya okestra yenu 442, mwiteni fundi wa kutuni, msinilaumu mimi.

Eti gombo ni mkono halisi wa mpigaji. Wakati wa kila noti, kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Nguvu ya sauti ya Duo-Art, hapana: iliwekwa na mhariri aliyekuwa akizungusha vidhibiti mpigaji akiendelea, ngazi 16 za wimbo na 16 za usindikizo, kisha ikarekebishwa. Noti zilizokosewa nazo zilisahihishwa. Anayedai anamsikia mpigaji bila mtu wa kati hajawahi kumwona mhariri wa magombo.

Eti mnahitaji piano ya kale. Welte walitengeneza mashine inayosogezwa mbele ya piano yoyote na kubonyeza kwa vidole vyake, na siku hizi gombo huskaniwa na kuchezwa kwa Disklavier, piano ya Yamaha inayojipiga kwa kompyuta. Kwenye kompyuta unaweza hata kurefusha ukimya kati ya vipande. Fanyeni hivyo kabla ya mazoezi, si wakati okestra imeshakaa.