Poti za siriali kwenye seva ya teminali: watu wanavyodhani na ukweli ulivyo

Seva ya teminali ni kifaa chenye poti nyingi za siriali, kinachokuwezesha kufikia konsoli (poti ya kusimamia kifaa) za ruta, swichi na seva kupitia mtandao. Dhana inayopotezea watu muda kuliko zote ni hii ya kwamba ukishachomeka waya vifaa vitaelewana vyenyewe. Haviwezi. RS-232, yaani kiwango kinachotumiwa na poti hizi, haina kupatana spidi, kila upande unasoma kwa spidi ulioambiwa, na wa pili akituma kwa spidi nyingine hakuna anayelalamika, utaona tu herufi za ajabu ajabu kwenye skrini. Ruta na swichi nyingi za Cisco konsoli yake ni 9600 (biti kwa sekunde), biti 8 za data, bila pariti (biti ya kukagua makosa), stopu biti 1 (ya kumalizia herufi), ila seva nyingi za Linux utazikuta kwenye 115200, sasa mtu anaweka setingi moja poti zote halafu anasema kifaa kibovu.

Na hapo hapo, wengi wakiona takataka wanakimbilia kubadilisha waya. Jamani takataka maana yake umeme unafika! Kwanza badilisha baudi (yaani ile spidi), kisha pariti. Waya uushuku pale panapokuwa kimya kabisa, maana mara nyingi pande zote mbili zinatumia pini ileile kutuma na hakuna anayesikia. RJ-45 imezidisha huu mkanganyiko, umbo ni lile lile la waya wa mtandao lakini mpangilio wa pini kila kampuni na wake, angalia manyuali.

Kuna ile hali ya tatu, maandishi yanakuja vizuri ila ukitaipu hakuna kinachoenda. Watu wanadhani ni kibodi au mtandao, wakati mara nyingi flo kontroli ya RTS/CTS (vifaa kupeana ruhusa ya kutuma kupitia nyaya zake maalumu) imewashwa kwenye waya wenye nyaya tatu tu (kutuma, kupokea na graundi), kwa hiyo poti inasubiri ruhusa isiyokuja milele. Izime.

"Mtandao wetu ni giga, mbona konsoli iko slo?" Kwa 9600 kila herufi inakula biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, ni herufi 960 kwa sekunde basi, giga yako haihusiki.

Eti Telnet na TCP tupu (data inayopita kwenye mtandao bila amri za Telnet ndani yake), njia mbili za kufikia poti kwa mtandao, ni kitu kimoja. Kwa kusoma konsoli hutaona tofauti, ila ukipitisha faili au data ya mashine, baiti ya 255 kwenye Telnet ni alama ya amri, upande mmoja usipolijua hilo data inaharibika. Tumia TCP tupu, au kama programu inataka kubadilisha baudi ikiwa mbali tafuta RFC 2217, nyongeza ya Telnet ya kudhibiti poti ya siriali, ipo toka 1997.

Lakini dhana inayonitisha mimi ni hii: ukifunga dirisha umelogaut. Hapana! Umekata mtandao mpaka kwenye seva ya teminali tu, kifaa cha upande wa pili kwenye waya wa nyaya tatu hakijui kama umeondoka, na ulichoacha wazi kama root (msimamizi mkuu) kinabaki wazi, atakayefuata kwenye poti hiyo anaingia bila kuulizwa paswedi. Kuweka SSH (kuingia kwa njia iliyosimbwa) na paswedi kwenye seva ya teminali ni lazima, ila haikuokoi na hili. Andika exit kabla hujafunga, na kwenye kila kifaa weka muda wa kujilogaut chenyewe, kwa Cisco ni exec-timeout kwenye laini ya konsoli, na tafadhali usiiweke 0 0 kwa sababu inakukera kulogini upya, hiyo inamaanisha haijifungi kamwe.