Ruvuma na nadharia tatu za uhusiano wa kimataifa

Ninapoanza kufundisha nadharia za uhusiano wa kimataifa hapa Mtwara, sianzi na Vita Baridi, bali na mto Ruvuma, unaotenganisha Tanzania na Msumbiji. Wanafunzi wangu wengi wana shangazi au mjomba ng'ambo ya pili, na wamekwisha kuona pale Kilambo mtumbwi ukishusha abiria wanaosalimiana kwa Kimakonde na kulipa nauli kwa shilingi au kwa metikali.

Wanauhalisia, kuanzia Hans Morgenthau hadi Kenneth Waltz aliyeisuka upya nadharia hiyo mwaka 1979, hushikilia kwamba juu ya dola hakuna mamlaka ya kuzilinda, hivyo kila moja hujilinda yenyewe. Wapiganaji kutoka Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, walipoivamia Kitaya, kijiji cha mkoa wetu, Oktoba 2020, hoja hiyo haikuhitaji maelezo marefu.

Waliberali, na hasa Robert Keohane, hujibu kwamba taasisi na manufaa ya pamoja huzifanya dola zishirikiane hata pasipo mtawala wa dunia. Wangetuonyesha Daraja la Umoja juu ya Ruvuma pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, na kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kilichokwenda Msumbiji Julai 2021 kupambana na wapiganaji hao. Hata hivyo, Rwanda, ambayo si mwanachama wa SADC, ilitangulia kupeleka askari wake kwa makubaliano na Msumbiji peke yake, jambo ambalo waliberali wanapaswa kulitolea maelezo.

Mfano unaonigusa zaidi ni Nachingwea, kusini mwa Tanzania. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Ureno, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ikaanza vita Septemba 1964, na wapiganaji wake wakapata mafunzo katika kambi ya Nachingwea. Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, tangu mwaka 1949, ilhali Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961 tu. Kwa hesabu ya nguvu peke yake, nchi changa na maskini haikupaswa kujiletea adui wa namna hiyo mlangoni. Mwanauhalisia makini atasema kwamba jirani huru ni ngao, na hoja hiyo ina uzito. Lakini inatubidi kwanza tueleze kwa nini Mreno alihesabiwa kuwa tishio na mpiganaji wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, akahesabiwa kuwa ndugu, wakati mwenye ndege za kivita alikuwa Mreno. Hapo ndipo ninapomhitaji Alexander Wendt, aliyeandika mwaka 1992 kwamba kukosekana kwa mamlaka juu ya dola hakuna maana moja ya kudumu, kwani dola zenyewe ndizo huipa maana kwa namna zinavyojitambua na kutambuana. Ninaiita nadharia hii ujenzi wa kijamii, na ninaamini kwa dhati kwamba tunaipuuza mno katika vyuo vyetu.

Udhaifu wake upo pia, nami huwaeleza wanafunzi waziwazi. Aliyevuka Ruvuma na bunduki mwaka 1964 aliitwa mpigania uhuru. Aliyevuka nayo mwaka 2020 aliitwa gaidi, na huenda wote wawili walizaliwa katika nyanda zilezile. Nadharia ya ujenzi wa kijamii hueleza vizuri jinsi majina hayo yanavyoelekeza sera, lakini haikutuonya kwamba siku moja hatari ingetoka upande uleule tuliouita wa ndugu, na wana Kitaya walihitaji kwanza ulinzi.