Upasuaji wa Tezi Dume Iliyokua: Maswali na Majibu

Swali: Tezi dume yangu imekua, lakini vipimo havikuonyesha saratani. Kwa nini daktari anazungumzia upasuaji?

Jibu: Tezi dume huizunguka njia ya mkojo mahali inapotoka kwenye kibofu, na kwa kijana huwa na uzito wa gramu 20 hivi. Inapokua kwa sababu ya umri huibana njia hiyo, mkojo ukawa wa kudondoka na usingizi ukakatika mara kwa mara. Wengi hupata nafuu kwa dawa kama tamsulosini, ambayo hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, au finasteridi, ambayo huipunguza tezi yenyewe polepole kwa miezi kadhaa. Upasuaji huja pale dawa zinaposhindwa, mkojo unapoziba tena kila mpira wa kutolea mkojo kibofuni unapotolewa, maambukizi yanaporudi rudi, mawe yanapojijenga kibofuni, au figo zinapoanza kuharibika kwa mkojo uliokosa njia. Figo zikishaguswa, haifai kungoja.

Swali: Je, nitapasuliwa tumbo?

Jibu: Mara nyingi hapana. Katika upasuaji uliozoeleka zaidi, mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, kisha daktari huingiza kifaa chembamba chenye kamera kupitia uume na kuikwangua sehemu ya ndani ya tezi kwa kitanzi cha waya wa umeme, kipande baada ya kipande. Vipande hivyo hupelekwa maabara. Tezi kubwa, hasa inayozidi mililita 80, mara nyingi huhitaji leza au upasuaji wa wazi. Wengi huondoka wakidhani tezi yote imetolewa, kumbe ganda lake la nje hubaki, na saratani inaweza kuota humo miaka ya baadaye.

Swali: Je, nitapoteza nguvu za kiume?

Jibu: Swali hili mara nyingi huulizwa na mke, mume akiwa ameinama, nami naona daktari hapaswi kusubiri aulizwe. Kuna mambo mawili ya kutenganishwa. La kwanza ni kusimama kwa uume: mishipa ya fahamu inayohusika hupita nje ya ganda la tezi, kwa hiyo wengi waliokuwa na nguvu kabla ya upasuaji hubaki nazo, ingawa wachache husema zimepungua. La pili ni manii. Shingo ya kibofu, ambayo hujifunga wakati wa kilele, huachwa wazi baada ya kukwanguliwa, na manii hurudi kibofuni badala ya kutoka nje, kisha yakatoka pamoja na mkojo. Hali hiyo huwapata wengi wa waliofanyiwa upasuaji huu na kwa kawaida ni ya kudumu. Haina madhara kwa mwili, lakini anayetaka kupata mtoto lazima aseme kabla ya kutia saini, kwa kuwa zipo njia nyingine zinazoweza kuyahifadhi manii vizuri zaidi.

Swali: Siku za mwanzo zikoje?

Jibu: Mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji akiwa na mpira, huku maji ya chumvi yakipitishwa kibofuni kuosha damu, na mkojo kwenye mfuko ukififia kutoka wekundu hadi waridi. Mara nyingi mpira hutolewa baada ya siku 1 hadi 3. Kuungua wakati wa kukojoa na kubanwa na mkojo ghafla huweza kudumu wiki kadhaa. Karibu na wiki ya 2 damu inaweza kurudi kwa muda kigaga kinapobanduka: kunywa maji, pumzika, usiinue mizigo wala kujikamua chooni. Mabonge ya damu, mkojo kuziba, au homa yenye kutetemeka ni jambo la kurudi hospitali saa hiyo hiyo.

Swali: Tatizo linaweza kurudi?

Jibu: Wengi hukojoa vizuri kwa miaka mingi. Kwa wachache tezi hukua tena, au kovu huibana njia ya mkojo; kushindwa kabisa kuzuia mkojo ni nadra. Ninachokihofia zaidi ni kuchelewa, kwa sababu kibofu kilicholemewa kwa miaka mingi huweza kupoteza nguvu ya kusukuma, na mgonjwa akaendelea kuhitaji mpira hata baada ya njia kufunguliwa vizuri.