Jimbo la kaunti ni nini? Kisa cha Bute, kisiwa kilichopata mbunge kwa zamu

Ukisoma orodha ya majimbo ya Bunge la Uingereza utakuta kila jimbo limeandikiwa aina yake: ama ni jimbo la kaunti, ama ni jimbo la mji. Siku hizi tofauti ni ndogo. Mgombea wa jimbo la kaunti anaruhusiwa kutumia fedha zaidi kidogo kwa kila mpigakura, kwa sababu eneo lake ni pana na vijiji vyake vimetawanyika. Lakini majina haya mawili yametoka mbali, na kwa Uskoti yanabeba historia nzima ya swali la nani alihesabiwa kuwa mtu mbele ya sanduku la kura.

Kwanza nitoe neno moja njiani. Msomaji wa Kenya akisikia "kaunti" atafikiria kaunti 47 za Katiba ya 2010, zenye gavana, bunge lake na bajeti yake. Kaunti ya Uskoti wa zamani haikuwa hivyo. Ilikuwa eneo la mamlaka ya sherifu, afisa aliyeamua kesi kwa niaba ya mfalme na kupokea amri zake. Majina ya kaunti nyingi yanaishia na "-shire", kama Argyllshire, Ayrshire na Buteshire. Kaunti hizo zilikuwa 33, na jimbo la kaunti lilikuwa kaunti hiyohiyo inapotuma mtu bungeni. Mipaka haikuchorwa kwa kuhesabu watu. Mlima, mto na milki za mabwana wa zamani ndivyo vilivyoamua.

Miji yenye hati ya kifalme ilisimama kando. Ilikuwa na wabunge wake, waliochaguliwa na mabaraza ya miji kwa mafungu. Kwa hiyo mwenyeji wa Rothesay, mji mkuu wa Buteshire, alikaa ndani ya kaunti, lakini mji wake ulihesabiwa katika fungu moja na Ayr, Irvine, Campbeltown na Inveraray. Kaunti ilikuwa mashamba na wenye mashamba. Mji ulikuwa biashara na wenye biashara.

Sasa tuingie Bute kwenyewe, maana hakuna kaunti inayofundisha jambo hili vizuri zaidi.

Buteshire ilikuwa kaunti ya visiwa, pale mto Clyde unapofungukia baharini magharibi mwa Uskoti. Kisiwa cha Bute kiliipa jina. Arran, kikubwa kuliko vyote, kina kilele cha Goat Fell chenye urefu wa meta 874. Kisha kuna Cumbrae mbili, kubwa na ndogo, na vingine vidogo zaidi. Sehemu kubwa ya Bute ilikuwa mali ya ukoo wa Stuart wenye cheo cha ulodi wa Bute, yaani ubwana wa kurithi, na sehemu kubwa ya Arran ilikuwa ya ukoo wa Hamilton. Waliobaki walikuwa wapangaji, wavuvi na wafumaji.

Mwaka 1707 Uskoti na Uingereza yenyewe (England) ziliunganisha mabunge yao. Katika mapatano, Uskoti ilipewa viti 45 katika baraza la wabunge wa kuchaguliwa, na malodi 16 wa kuwawakilisha wenzao. Bunge la Uskoti, kabla halijajifunga lenyewe, liligawa viti 45 hivi: 30 kwa kaunti na 15 kwa miji. Hapo ndipo hesabu ilipogoma. Kaunti zilikuwa 33, viti 30. Ufumbuzi ulikuwa kuzipa kaunti 27 kiti kimoja kimoja, kisha kuchukua sita zilizobaki na kuzifunga mbilimbili, kila jozi na kiti kimoja. Clackmannan ilifungwa na Kinross. Nairn ilifungwa na Cromarty. Bute ilifungwa na Caithness.

Kuzifunga hakukumaanisha kuzichanganya. Wapigakura wa jozi hawakuchagua mtu mmoja kwa pamoja. Walichagua kwa zamu: Bunge hili mbunge ni wa Bute, Bunge lijalo ni wa Caithness, na kuendelea. Ile kaunti ambayo si zamu yake haikuwa na mbunge wa kuchaguliwa kabisa hadi Bunge livunjwe.

Clackmannan na Kinross angalau zilikuwa karibu. Lakini Caithness iko kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya bara la Uskoti, na kutoka Rothesay hadi Wick, mji wake mkuu, ni kama kilomita 300 kwa mruko wa ndege, milima na bahari katikati. Watu wa huku na wa kule hawakuwa na soko moja, wala shida moja, wala lodi mmoja. Kilichowaunganisha ni kiti ambacho hawakuweza kukikalia pamoja.

Zamu nayo haikuwa ya haki, kwa sababu haikupimwa kwa miaka. Ilipimwa kwa uhai wa Bunge, na Bunge moja laweza kuishi miaka saba, jingine likafa kabla ya mwaka. Bute ilianza, mwaka 1708. Caithness ikafuata 1710. Ilipokuja zamu ya Caithness tena mwaka 1715, Bunge hilo lilikaa hadi 1722, na Bute ikakaa miaka saba bila mbunge. Mwaka 1806 zamu ilikuwa ya Bute. Bunge likavunjwa 1807, kabla mwaka haujatimia, kiti kikaenda Caithness, na Bute ikasubiri hadi 1812. Hakukuwa na fidia. Zamu fupi ilikuwa zamu.

Walioumia kwa mpango huu walikuwa wananchi kuliko wanasiasa, kwa maana mwanasiasa mwenye jina alijua pa kukimbilia. James Stuart Mackenzie, ndugu wa lodi wa Bute aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka 1762, alikalia kiti cha Bute kuanzia 1747. Zamu ilipokwisha mwaka 1754 alihamia fungu la miji ya Ayr. Upande wa Caithness kuna Sir John Sinclair, mtu ninayemheshimu sana, aliyewaandikia wachungaji wa parokia zote za Uskoti akiwauliza habari za watu wao, ardhi yao na mavuno yao, akachapisha majibu katika juzuu 21 kati ya 1791 na 1799. Ndiye aliyelizoesha neno la "takwimu" katika Kiingereza. Huyu aliingia bungeni kwa Caithness mwaka 1780. Mwaka 1784 zamu ikahamia Bute, naye ikambidi atafute kiti Lostwithiel, mji mdogo wa Cornwall, kusini kabisa mwa Uingereza, ili asitoke bungeni. Mwaka 1790 alirudi Caithness. Mtu aliyeijua Uskoti kwa hesabu kuliko yeyote wa zama zake alilazimika kuketi kwa jina la watu wasiomjua, kwa sababu kaunti yake ilikuwa imepumzishwa.

Basi hao wapigakura walikuwa nani? Hapa ndipo kiini cha dhana yenyewe. Katika kaunti ya Uskoti kabla ya 1832, kura haikuwa ya mkazi, wala ya mlipa kodi, wala ya mpangaji hata kama shamba lake lilikuwa kubwa na ng'ombe wake wengi. Ilikuwa ya yule aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme, na ardhi hiyo iwe imethaminiwa kwa kiwango cha zamani, kwa kawaida pauni 400 za Kiskoti kwa mwaka. Pauni 12 za Kiskoti zilikuwa sawa na pauni 1 ya Kiingereza.

Sheria ya ardhi ya Uskoti iliruhusu jambo lililofungua mlango wa hila. Ubwana wa ardhi, yaani haki ya kutajwa kuwa umeishika kutoka kwa mfalme, uliweza kutenganishwa na ardhi yenyewe. Mwingine analima, mwingine anapokea kodi, na mwingine ana karatasi tu inayomtaja kuwa bwana. Na kura iliifuata karatasi. Lodi mwenye milki pana aliweza kuukatakata ubwana wake vipande vya kutosha kura moja moja, akawagawia rafiki, jamaa na mawakili wake wa Edinburgh. Kila mmoja akawa mpigakura kamili wa kaunti ambayo huenda hakuwahi kuikanyaga, na hakumiliki humo hata suke moja la shayiri. Mimi huwaita wapigakura wa karatasi. Mahakama zilijaribu kuwabana na Bunge likatunga sheria za viapo, lakini hila ilidumu.

Bute ilifika mwisho wa njia hiyo. Karibu na mwaka 1831 kaunti ilikuwa na watu kama 14,000. Wapigakura wake walikuwa 21. Kati ya hao 21, aliyekaa ndani ya kaunti alikuwa mmoja.

Mwaka huo wa 1831, Francis Jeffrey, mwanasheria mkuu wa Serikali kwa Uskoti, alisimama bungeni kutetea mageuzi na kueleza uchaguzi mmoja wa Bute ambao watu walio hai walikuwa bado wanaukumbuka. Ili kisa chake kieleweke, ni lazima kujua utaratibu. Uchaguzi wa kaunti ulikuwa kikao. Wenye haki walikutana, sherifu akasoma amri ya mfalme, wakachagua mwenyekiti, daftari la wapigakura likasomwa jina kwa jina, ndipo mgombea akapendekezwa, akaungwa mkono, na kura zikapigwa kwa sauti. Siku hiyo, ukiacha sherifu na msimamizi, alifika mpigakura mmoja tu. Akashika kiti, akafungua kikao, akasoma daftari, akaitikia jina lake. Akajipigia kura kuwa mwenyekiti. Akajipendekeza kuwa mbunge, akajiunga mkono, akaitisha kura, akatangazwa kuchaguliwa kwa kauli moja.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa kicheko. Mimi kinaniuma, kwa sababu hapakuvunjwa sheria yoyote. Kila hatua ilikuwa halali. Nje ya chumba kile walikuwapo maelfu ya watu waliovua samaki, kulima, kufuma na kulipa kodi, na sheria haikuwa na nafasi hata ya kuwauliza. Uskoti nzima, yenye watu zaidi ya milioni mbili, ilikuwa na wapigakura wapatao 4,500 tu, kaunti na miji kwa pamoja.

Sheria ya mageuzi ya Uskoti ya 1832 ilibomoa nyumba hiyo. Kura ya kaunti ikahamia kwa mwenye mali ya thamani ya pauni 10 kwa mwaka, na mpangaji mkubwa mwenye mkataba wa muda mrefu naye akaingia. Wapigakura wa Uskoti wakapita 60,000. Zamu zikafutwa. Clackmannan na Kinross zikaunganishwa zichague mtu mmoja kwa pamoja, Cromarty ikaungana na Ross, Nairn ikaungana na Elgin. Bute na Caithness hazikuweza kuunganishwa kwa umbali wake, kwa hiyo kila moja ikapata mbunge wake wa kudumu. Rothesay nayo ikatolewa katika fungu la Ayr na kurudishwa kwenye kaunti yake. Kwa mara ya kwanza mji na mashamba ya kisiwa kimoja vilichagua mtu mmoja.

Miaka 86 iliyofuata Buteshire ilikuwa jimbo dogo lenye kupendwa na wanasheria. David Mure alitoka humo kwenda kuwa jaji. James Robertson, aliyechaguliwa 1885, aliondoka 1891 kuongoza mahakama kuu ya Uskoti. Andrew Graham Murray akamrithi, akawa waziri wa masuala ya Uskoti mwaka 1903, naye mwaka 1905 akapanda kwenye kiti kilekile cha mahakama. Uchaguzi mdogo uliofuata ulishangaza watu: Waliberali walikinyakua kiti cha Wahafidhina kupitia Norman Lamont, miezi michache kabla ya ushindi wao mkubwa wa 1906. Baba yake, James Lamont, msafiri wa bahari za barafu za Aktiki, aliwahi kuliwakilisha jimbo hilohilo kuanzia 1865 hadi 1868. Kati ya baba na mwana kura ilikuwa imekuwa ya siri, tangu 1872, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kisiwani, mahali ambapo mwenye nyumba yako, mwenye shamba lako na mwenye gati unaloshukia alikuwa mtu mmoja.

Mwaka 1918 jimbo la Buteshire lilifutwa. Sheria ya mwaka huo ilipanua kura kwa wanaume wote wa miaka 21 na kwa wanawake wengi wa kuanzia miaka 30, na majimbo yakaanza kupimwa kwa idadi ya watu. Visiwa vikaunganishwa na kaskazini mwa Ayrshire, ng'ambo ya maji, kuwa jimbo la Bute na Ayrshire ya Kaskazini. Wabunge wake wanajulikana: jenerali Aylmer Hunter-Weston wa Vita Kuu ya Kwanza, Charles MacAndrew, kisha kuanzia 1959 Fitzroy Maclean, yule aliyerushwa kwa mwavuli Yugoslavia mwaka 1943 kuwa mjumbe wa Churchill kwa Tito, kiongozi wa wapiganaji wa msituni huko.

Kaunti yenyewe ya Bute ilifutwa kama eneo la utawala mwaka 1975. Bute ikawekwa pamoja na Argyll; Arran na Cumbrae zikawekwa upande wa Ayrshire, na mwaka 1983 mipaka ya majimbo ikafuata mkato huo. Leo Bute ni sehemu ya jimbo la Argyll, Bute na Lochaber Kusini, na Arran ni ya Ayrshire ya Kaskazini na Arran. Yote mawili yameandikwa majimbo ya kaunti, ingawa kaunti zilizoyapa jina hilo hazipo tena, na mtu wa Rothesay na mtu wa Arran huenda kupiga kura siku moja kuchagua wabunge wawili tofauti.