Alama ya kufuli haithibitishi mwenye tovuti

Kila muhula ukifunguliwa, dawati la TEHAMA hupokea malalamiko yaleyale: "Akaunti yangu imedukuliwa." Tukikaa na mwanafunzi kufuatilia, mara nyingi tunakuta hakuna mlango uliovunjwa. Aliandika nywila yake mwenyewe kwenye ukurasa wa kughushi, na msimbo wa uthibitisho wa tarakimu 6 ulipoingia kwenye simu akauandika nao.

"Lakini ilikuwa na kufuli," hutuambia. Hili tumelisema mpaka sauti imekauka: kufuli ile kwenye kivinjari inaonyesha kwamba mawasiliano yako na tovuti yamesimbwa, yaani mtu wa njiani hawezi kuyasoma, basi. Tapeli naye huipata, bure, kwa dakika chache. Cha kutazama ni anwani. Ndiyo maana katika mafunzo ya mwaka wa kwanza tumepunguza slaidi. Tunawapa anwani wazisome. Mfano chuokikuu.usajili-mpya.com/ada. Tafuta mkwaju (/) unaofuata jina la tovuti, kisha rudi kushoto: mwenyewe ni usajili-mpya.com. Hilo "chuokikuu" la mbele ni pambo, yeyote anaweza kulibandika.

Kuhusu nywila, wataalamu nasi tuna deni. Tuliwalazimisha watu kuzibadilisha kila baada ya miezi michache, wakawa wanaongeza namba moja mwishoni. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri utaratibu huo uachwe. Nywila ndefu, isiyotumika kwingine, inatosha hadi pawe na dalili kwamba imevuja.

Ukishanaswa, badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Fungua mipangilio ya barua pepe uangalie kama kuna kanuni inayopeleka nakala za barua zako kwenye anwani usiyoijua. Wengi huishia kwenye nywila, na mwizi anaendelea kusoma. Barua ya kitapeli usiifute. Itume kwetu kama kiambatisho, maana picha ya skrini haituonyeshi ilikopitia. Kuripoti kwamba umetapeliwa si kosa la nidhamu.

Kosa ni kujaribu mfumo usio wako bila idhini ya maandishi. "Nilikuwa najifunza tu" haisaidii. Robert Morris, mwanafunzi wa shahada za juu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliachia mnyoo wake, programu inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, kwenye intaneti Novemba 1988. Alipokata rufaa, mahakama ilisema mwaka 1991 kwamba haikuhitajika kuthibitisha kuwa alikusudia kuharibu. Kukusudia kuingia bila ruhusa kulitosha. Adhabu yake ilikuwa miaka 3 chini ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Chuo nacho kilimsimamisha.

Ukikuta tundu la usalama kwenye mfumo wa chuo, ishia hapohapo, andika hatua ulizopita, tuma. Usipakue orodha ya wenzako "kama ushahidi". Ushahidi huo ndio hugeuka shtaka la pili.